Namba ya Mama Pokea

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Wote walimwita Mama Pokea. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa mkunga wa zahanati ya pale juu mlimani, na mikono yake ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuwapokea zaidi ya nusu ya watoto waliokuwa wakicheza mpira barabarani. Alipostaafu, zahanati ilimpa saa ya ukutani na barua ya shukrani. Siku ya pili yake ikampigia simu kumwomba aje, kwa kuwa mkunga mpya alikuwa kitandani na homa. Tangu hapo kustaafu kwake kulibaki kwenye barua tu.

Namba yake ya simu ilikuwa imeandikwa kwa rangi ya bluu kwenye ukuta wa zahanati, karibu na mlango, na nyuma ya kadi ya kila mjamzito aliyepita pale kwa miaka kumi na tisa. Wako wanawake waliokuwa wameikariri kichwani kama namba ya nyumba yao. Uchungu ukimshika mtu sokoni, aliazima simu ya yeyote aliyekuwa karibu. Kwa hiyo Mama Pokea hakuwa na namba ngeni maishani mwake. Simu ikilia aliipokea, hata mikono ikiwa na povu la sabuni, hata akiwa katikati ya kusema na mtu.

Mumewe alikuwa mwalimu wa hesabu, naye mstaafu, na kila mtu alimwita Mwalimu, mkewe akiwemo. Kwa mwaka mmoja na nusu masikio ya Mwalimu yalikuwa yamegoma. Televisheni aliifungulia mpaka vikombe vikacheza kabatini. Ukimwomba chumvi, alikuletea chupa. Ukimwambia kuna mgeni, aliuliza mgeni amekosea nini. Mama Pokea alimwomba mara chungu nzima amtazame masikio, walau kwa tochi. Mwalimu alikuwa akikataa katakata.

"Wewe ni mkunga," alikuwa akisema. "Masikio hayazai."

Basi siku moja alasiri, Mama Pokea akiwa mezani jikoni anasoma habari za mgao wa maji kwenye simu, tangazo likamkatia habari katikati. Mzee mwenye mvi alikuwa akicheka meno yote nje, na pembeni yake daktari aliyevaa koti jeupe. PIMA USIKIVU BURE. NAFASI TATU TU ZIMEBAKI MTAANI KWAKO. Chini yake saa ilikuwa ikihesabu kurudi nyuma: dakika nne na sekunde kumi, na tisa, na nane. Mama Pokea aliona kwamba yule daktari alikuwa amevaa kipimo cha mapigo ya moyo kinyumenyume, ncha za masikioni zikielekea nyuma. Aliona, akajisemea kwamba wapiga picha siku hizi hawana umakini, akabonyeza.

Swali la kwanza lilikuwa jepesi: nani ana tatizo la kusikia, wewe au umpendaye? La pili, jina lake na umri wake. La tatu, je, hali yake inaathiri familia? Hapo alibonyeza "sana" kwa nguvu kidogo. Swali la sita ndilo lililotaka namba ya simu, "ili tukutumie tarehe ya miadi". La saba likataka majina na namba za watu watatu wa karibu wanaoweza kumsindikiza mgonjwa. Saa ilikuwa imebakiza sekunde arobaini. Mama Pokea akaandika namba ya binti yao aliyefanya kazi benki mji mwingine, namba ya wifi yake, na ya jirani mwenye gari. Chini ya yote kulikuwa na kitufe kikubwa cha kijani, na chini ya kitufe mistari miwili ya maandishi ya kijivu, madogo kama chawa. Miwani yake ilikuwa chumbani. Akabonyeza kitufe.

"Hongera!" simu ikamwambia. "Umechaguliwa. Mtaalamu wetu atakupigia."

Mtaalamu alipiga baada ya dakika sita. Hakuwa na tarehe wala kliniki. Alikuwa na kifaa cha masikioni chenye punguzo la bei mpaka saa kumi na mbili jioni ya siku hiyo hiyo. Mama Pokea alimweleza kwamba yeye anataka kipimo kwanza. Mtaalamu akamweleza kwamba kipimo ni baada ya kununua kifaa. Walibishana robo saa, kwa adabu, kama watu wawili wanaovutana mlangoni nani atangulie.

Kesho yake walipiga kumi na mmoja. Kesho kutwa hakuhesabu tena. Mmoja alikuwa na majani ya kupunguza tumbo, mwingine viwanja karibu na uwanja wa ndege ambao bado haujajengwa, mwingine masomo ya Kiingereza kwa wiki tatu. Kijana mmoja mwenye sauti ya upole wa kulipwa alianza kwa kumpa pole.

"Pole ya nini?" aliuliza Mama Pokea.

"Kwa hali ya mzee, mama. Tunajua ni kipindi kigumu. Ndiyo maana tumewaandalia bima ya mazishi."

Mwalimu wakati huo alikuwa amekaa mita mbili kutoka pale, anakula mkate na chai, anatazama mpira. Mama Pokea alimtazama mumewe, akaitazama simu, akakata. Baadaye alimsimulia binti yao kwamba tangu azaliwe hajawahi kukata simu usoni mwa mtu, na siku ile alikata, halafu akaona aibu, na kuona aibu kwenyewe kukamkasirisha zaidi.

Alhamisi gari la kukodi lilisimama nje kwa kishindo. Wifi yake akateremka. Huyu alikuwa dada wa Mwalimu, muuza mapazia, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Alikuwa na begi la nguo mkononi na uso uliolowa machozi. Aliingia ndani bila kubisha hodi, akampita Mama Pokea, akamwangukia kaka yake shingoni.

"Ndugu yangu. Na hamkuniambia," alilia.

"Mapazia?" aliuliza Mwalimu. "Tunayo mapazia."

Ilichukua muda mrefu kueleweshana. Kumbe mtu alikuwa amempigia wifi dukani, akamtaja kaka yake kwa jina, akampa pole na kumuuliza kama familia imejiandaa. Wifi hakungoja sentensi ya pili. Alifunga duka, akakodi gari, akaja njia nzima akilia mpaka dereva naye akaanza kufuta macho. Sasa alikuwa amekaa kwenye kochi, begi mapajani, akimtazama Mama Pokea kwa jicho ambalo hakulisahau.

"Namba yangu walipewa na nani?"

"Nilipewa fomu, wifi. Ilikuwa ya masikio."

"Fomu. Mtu mzima kama wewe, msomi, muuguzi, unaandika namba za watu kwenye fomu ya barabarani."

"Haikuwa ya barabarani. Ilikuwa kwenye simu."

"Ndiyo barabarani kwenyewe huko," alisema wifi, akaomba maji ya kunywa.

Lililopatikana kutokana na machozi yale ni moja. Mwalimu, baada ya kuelezwa kwa maandishi kwenye karatasi kwa nini dada yake alikuwa analia, aliona haya, akakubali kwenda hospitali kubwa. Muuguzi wa masikio alimwagia dawa, akasubiri, akasukuma maji ya uvuguvugu kwa bomba la sindano, na kutoka kila sikio likaanguka bonge la nta, kubwa kama punje ya mahindi. Kazi yote ilikuwa dakika kumi na moja. Sikio la kushoto lilibaki na uzito kidogo wa uzee, lakini njiani kurudi Mwalimu alilalamika kwamba viatu vya mkewe vinapiga kelele. Mama Pokea alikuwa na tochi nyumbani, alikuwa na bomba la sindano nyumbani, na mkobani simu ilikuwa inalia. Mtu alitaka kumuuzia tiketi za bahati nasibu.

Jirani mwenye gari naye hakupona. Kwake yeye walipiga kuhusu dawa za nguvu za kiume, na siku mbili mkewe ndiye aliyepokea. Yule jirani alikuja getini, akasimama hapo hapo, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, mimi nakuheshimu. Lakini naomba uwaambie hawa watu wako." Kuanzia siku hiyo akawa anapita bila kupiga honi.

Mama Pokea alijaribu kila njia. Ujumbe ulipokuja ukisema andika ACHA kama hutaki matangazo, aliandika ACHA, na simu zikaongezeka maradufu. Alipeleka simu kwa fundi kona ya pili, mwanamume mrefu aliyefanya kazi amevaa kioo cha kukuzia jicho moja. Fundi alimsikiliza akitingisha kichwa.

"Ukiwajibu acha, mama, unawaambia namba hii ina mtu," alisema. "Hicho ndicho walichokuwa wanataka kujua."

"Sasa nifanye nini?"

"Naweza kukuwekea kitu kinachozuia namba zote usizozijua."

"Wanaonipigia ni watu nisiowajua. Ndiyo kazi yangu."

"Basi badilisha namba."

Mama Pokea alimwonyesha kwa kidole kupitia dirishani, juu mlimani, ukuta wa zahanati. Kutoka pale maandishi ya bluu yalionekana kama mstari tu. Fundi alivua kioo chake, akapangusa jicho, akasema hapo hana dawa, na hakumtoza kitu.

Mwishowe alilitafuta lile tangazo lenyewe, safari hii na miwani. Akasoma ile mistari ya kijivu: kwa kubonyeza, alikuwa amewaruhusu "washirika" wasiotajwa idadi kuwasiliana naye na wale aliowataja. Mwishoni kabisa palikuwa na mahali pa kuomba taarifa zako zifutwe. Alipagusa. Ukurasa ukamtaka aandike jina kamili, namba ya simu, namba ya kitambulisho, anwani ya nyumbani na tarehe ya kuzaliwa. Alicheka peke yake jikoni, kicheko kikavu kisichokuwa na furaha hata chembe.

Mpaka hapo lilikuwa jambo la kumkera tu. Jumamosi iliyofuata, saa sita mchana, halikuwa tena la kukera. Alikuwa ameshikwa kwenye simu na muuza viwanja, mtu aliyeongea bila kuvuta pumzi, na alikuwa akijaribu kumuaga kwa mara ya tatu, aliposikia miguu inakimbia uani. Alikuwa mama wa makamo, mkwe wa mjamzito mmoja aliyeolewa na dereva wa lori, ametoka mbio nyumba ya nane, kiatu mguu mmoja.

"Tumepiga mara nne," alisema akihema. "Inatumika, inatumika, inatumika."

Mama Pokea aliitupa simu kwenye kochi muuza viwanja akiendelea kuongea humo. Alipofika, kichwa kilikuwa kimeshatoka, na kitovu kilikuwa kimemzunguka mtoto shingoni. Aliingiza kidole, akakivusha juu ya kichwa, akamtoa. Mtoto alinyamaza kwa muda uliotosha watu wote chumbani kutazamana, kisha akalia. Msichana, mzima, mwenye hasira. Mama Pokea alifanya yote yaliyobaki kwa utulivu. Alikata kitovu, akamfunika mtoto, akangoja kondo la nyuma, akamsifu mzazi. Halafu alitoka nyuma ya nyumba, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Nilikuwa nasikiliza habari za viwanja," alimwambia yule mkwe aliyekuja kumtafuta. "Mtoto anataka kutoka, mimi nasikiliza habari za viwanja."

Tangu siku ile upole ulimwisha. Kila aliyepiga alikutana na swali lile lile kabla hajamaliza salamu: una uchungu au unauza? Aliyekuwa anauza alikatiwa hapo hapo. Ilimuuma, kwa kuwa aliwasikia vizuri kwamba ni watoto wa watu, wenye sauti za njaa, wanaosoma maneno kwenye karatasi. Lakini alikata.

Jumanne moja asubuhi alipiga binti wa magodoro. Alianza kama wote: simu hii inarekodiwa kwa ajili ya kuboresha huduma, je, mama anasumbuliwa na mgongo? Mama Pokea alikuwa ameshaweka kidole kwenye kitufe cha kukata. Hakukata. Kuna namna mtu anavyohema pale mtoto anapokuwa amemkandamiza mapafu, anavuta nusu, anaachia, anavuta nusu. Alikuwa ameisikia maelfu ya mara.

"Mimba ya miezi mingapi?" aliuliza.

Nyuma ya binti zilisikika sauti nyingine nyingi, zote zikiuliza habari za mgongo.

"Nane, mama," alisema binti kwa sauti ndogo. Kisha, kwa sauti ya kazi, "Godoro letu lina matabaka matatu ya..."

"Kichwa kinakuuma?"

"Tangu jana. Samahani mama, hapa kwenye karatasi naona... maandishi yanameremeta. Nilikuwa nimefika tabaka la pili."

"Viatu vinakuenea?"

"Nimekuja na ndala."

"Na hapa chini ya mbavu, kulia, panauma?"

"Umejuaje?"

Mama Pokea alikuwa ameshasimama. "Sikiliza, mwanangu. Mimi ni mkunga. Hiyo ni presha, nayo haisubiri zamu iishe. Vua hivyo vitu vya masikioni, uende hospitali sasa hivi. Usiende nyumbani kwanza, wala usilale kidogo. Hospitali."

"Msimamizi hataniruhusu kabla ya saa nane."

"Nipe msimamizi."

Msimamizi alikuja na sauti laini ya kuomba radhi. "Mama, kuna tatizo lolote na huduma yetu?"

"Una gari?"

"Samahani?"

"Mfanyakazi wako anaweza kupata kifafa cha mimba hapo mezani kwako, akafa yeye na mtoto. Mmeniambia simu hii inarekodiwa. Basi irekodi vizuri na hili, kwamba umeambiwa saa tatu na dakika ishirini, na mkunga. Sasa nakuuliza tena, baba. Una gari?"

Alikuwa nalo.

Zilipita wiki mbili na nusu bila habari, na Mama Pokea hakuwa na njia ya kumtafuta. Hilo nalo lilimkera. Watu hawa wote walikuwa na namba yake, yeye hakuwa na ya hata mmoja wao. Kisha binti wa magodoro akapiga, safari hii kwa simu yake mwenyewe. Alikuwa amepasuliwa siku ile ile. Mtoto wa kiume, kilo mbili na robo, bado yuko chini ya uangalizi lakini ananyonya. Aliongea, akalia kidogo, akaongea tena. Mwishoni alisema, "Mama, kuna jambo nataka kukwambia kuhusu ile orodha."

Alimweleza bila kuficha. Kliniki ya masikio haikuwapo, wala haikuwahi kuwapo. Tangazo lilitengenezwa ili kukusanya namba tu, na namba ziliuzwa kwa yeyote aliyetaka, kwa makundi. Kila namba ilikuwa na alama. Nyingi zilikuwa na alama ya chini, kwa sababu watu hawapokei au wanatukana. Ya Mama Pokea ilikuwa na alama ya juu kuliko zote alizowahi kuziona.

"Kwa nini?" aliuliza Mama Pokea.

"Imeandikwa pembeni: anapokea daima, mlio wa kwanza au wa pili. Anasikiliza mpaka mwisho. Ndiyo maana kila kampuni inakutaka wewe."

Mama Pokea alikaa chini taratibu. Wema wake wote wa miaka thelathini na moja ulikuwa umeandikwa pembeni ya jina lake na kuuzwa.

Binti alimtumia picha ya ukurasa ule wa orodha, na jina la kampuni iliyouza. Mama Pokea alizichapisha, akaandika barua ya kurasa tatu, Mwalimu akaisahihisha kwa kalamu nyekundu, wakaipeleka pamoja kwenye ofisi ya serikali inayopokea malalamiko ya namna hiyo. Kijana wa dirishani aliigonga muhuri, akawapa fomu ya kujaza. Mama Pokea aliisoma yote kwa miwani, nyuma na mbele, kabla ya kugusa kalamu, na foleni nyuma yake ikaguna. Baada ya mwezi na nusu wakajibiwa kwamba kampuni imeonywa na inachunguzwa. Tangazo la masikio likatoweka. Baada ya siku chache likaja la macho, lenye daktari yule yule.

Alichokifanya mwenyewe ndicho kilichomsaidia. Alinunua laini ya pili, akaipeleka zahanati, na mchoraji akapaka ukuta upya. Kadi za wajawazito wote wa mwaka ule alizibandika namba mpya kwa mkono wake, moja moja, akimwambia kila mama asiiandike mahali popote panapohesabu sekunde. Wifi alikuja na gundi na mkasi, akabandika naye siku nzima, akimsuta tangu kadi ya kwanza hadi ya mwisho.

Laini ya zamani haikufungwa, maana wapo waliokuwa bado wanaijua kwa kichwa tu. Aliichukua Mwalimu, ambaye sasa anasikia na hana kazi. Anaibeba mfukoni mwa shati siku nzima. Simu bado zinaingia, nane au tisa kwa siku, na Mwalimu huzipokea zote.

"Mjamzito au mfanyabiashara?" huuliza, kwa sauti ile ile aliyowaulizia wanafunzi kazi ya nyumbani.

Juzi mwito wa sita ulikuwa wa mwanamume aliyekuwa amechanganyikiwa, akizungumza kutoka kwenye simu ya muuza duka. Mwalimu alimwuliza mara moja tu mkewe yuko wapi, akasikia jibu lote, akaenda uani kwa mwendo wa haraka kuliko umri wake, ambako Mama Pokea alikuwa anaanika nguo.

"Huyu ni wa kwako," alimwambia, akamkabidhi simu, akaendelea kuanika yeye.